Ukurasa Usiopatikana Embu na Meru: Somo la Mawe ya Taru

Katika nyumba nyingi za Embu mjini, Runyenjes, Nkubu na Maua, baraza au ukuta wa mbele umepambwa kwa mawe bapa ya manjano, kahawia au kijivu ambayo mafundi huyaita mazeras. Fundi huyapunguza pembe, huyapanga na kuyashika kwa saruji. Jua la jioni likiyapiga kwa ubavu, baadhi yake huonyesha mistari ya mawimbi madogo, kama ile inayobaki juu ya mchanga wa Rupingazi maji yanapopungua.

Mistari hiyo haikuchongwa na fundi. Iliachwa na maji yaliyopita juu ya mchanga zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, kabla ya Mlima Kenya kuwako. Mchanga ulifunikwa, ukakandamizwa, ukawa jiwe, na alama ya maji ikabaki. Mwenye nyumba anakanyaga ufuo wa zamani kila anapotoka kwenda shambani.

Mawe haya yamepewa jina la mji wa Mazeras, ulio karibu na Mombasa, na huchimbwa katika kaunti za Kwale na Kilifi. Yako katika jamii kubwa ya miamba ambayo wanajiolojia huiita mawe mchanga ya Duruma, kwa jina la wenyeji wa huko, Waduruma. Tabaka la chini kabisa katika jamii hiyo, na kwa hiyo kongwe kuliko mengine yote, linaitwa Taru. Wanajiolojia huliweka mwishoni mwa enzi ya Kaboniferi na mwanzoni mwa enzi iliyofuata, ya Permi. Kwa Mkenya anayetaka kuona kwa macho yake mashapo ya enzi ya Kaboniferi, mahali pa kwenda ni Taru.

Embu na Meru hakuna mwamba wa namna hiyo. Mtu anaweza kuchimba kisima Siakago au kuvunja mawe Timau maisha yake yote asiukute. Sababu ya kutokuwepo kwake inafaa kujulikana, kwa kuwa inagusa maji ya kisima, bei ya shamba, na jambo la kufanya mtoto anapoleta nyumbani jiwe lenye umbo la mfupa.

Kaboniferi ni nini

Enzi ya Kaboniferi ilianza miaka milioni 359 hivi iliyopita na kumalizika miaka milioni 299 hivi iliyopita. Jina lenyewe lina maana ya kubeba kaboni, yaani makaa ya mawe, na lilitungwa Uingereza mwaka 1822, wakati ambapo makaa hayo ndiyo yaliyokuwa yakiendesha viwanda vya nchi hiyo. Katika sehemu ambazo leo ni Ulaya na Amerika Kaskazini kulikuwa na vinamasi vyenye misitu minene. Miti ilianguka majini, ikazama katika matope yasiyo na hewa, ikashindwa kuoza, na baada ya kufunikwa kwa muda mrefu ikageuka makaa. Katika misitu hiyo aliruka mdudu wa jamii ya kereng'ende, ambaye visukuku vyake vilipatikana Ufaransa. Mabawa yake yakinyooshwa yalifikia sentimita 65 hivi, upana unaokaribiana na wa mbawa za njiwa.

Afrika ilikuwa na hali nyingine kabisa. Ilikuwa imeshikana na Amerika Kusini, Bara Hindi, Madagaska, Australia na Antaktika katika bara moja kubwa liitwalo Gondwana, na sehemu kubwa ya kusini ya bara hilo ilifunikwa na barafu. Barafu ile ilipoyeyuka, mito na maziwa yaliongezeka, na ardhi ilipopasuka na kudidimia yakatokea mabonde marefu. Mabonde hayo yalianza kujaa changarawe, mchanga na matope. Miamba iliyotokana na ujazo huo inapatikana kutoka Afrika Kusini, Tanzania hadi Kenya, na kwa pamoja huitwa Karoo, jina la eneo kavu la Afrika Kusini. Makaa ya mawe ya Tanzania, kama yale ya Ngaka na Mchuchuma, yamo katika miamba ya jamii hii.

Taru ndiyo mwanzo wa Karoo ya Kenya.

Kuisoma barabara ya Mombasa

Msafiri aliyepanda basi kutoka Embu kwenda Mombasa anaweza kufuata somo hili dirishani. Kuanzia upande wa Voi yuko juu ya miamba ya msingi, ile migumu yenye mistari na chembe zinazometameta, kama ya Mbeere. Akishapita Mackinnon Road anaingia Taru, na hapo miamba ya msingi inazama chini ya mashapo na kupotea machoni. Zinafuata Samburu, Maji ya Chumvi, Mariakani na Mazeras, na kila anapokaribia bahari tabaka linakuwa changa zaidi, kwa sababu matabaka yote yameinama kuelekea mashariki, kama vitabu vilivyoegemezwa rafuni. Mwisho, kisiwani Mombasa, anakanyaga jiwe la matumbawe, changa kuliko yote hayo.

Taru yenyewe ni mchanga mzito wenye changarawe. Ukiuangalia kwa karibu utaona chembe nyeupe ngumu kama kioo, chembe za rangi ya waridi, na ulanga unaometa. Chembe hizo ndizo zinazoujenga mwamba wa msingi. Kwa maneno mengine, Taru ilitengenezwa kwa vumbi la milima ya miamba ya msingi iliyokuwa bara. Mito iliibomoa milima hiyo na kuitandaza bondeni. Chembe za rangi ya waridi huoza upesi zikisafiri mbali au zikikaa sana juani na mvuani, hivyo kuwepo kwake kunaonyesha kwamba mchanga ule haukutoka mbali sana na ulifunikwa mapema.

Visukuku vya Taru ni vya mimea, na vingi ni vipande. Mto wenye nguvu ya kusukuma changarawe hauachi jani zima. Utulivu ulikuja baadaye. Katika tabaka la Maji ya Chumvi, lililo juu yake, matope laini yalituama katika maji yasiyo na kasi, na humo wamepatikana samaki pamoja na chavua ndogo zisizoonekana kwa macho, ambazo wataalamu hutumia kupima umri wa tabaka. Juu zaidi, katika mawe ya Mazeras, kuna magogo ya miti yaliyogeuka jiwe, ambayo maumbile ya mbao yake bado yanaonekana.

Misafara ya kale ilipoivuka nyika ya Taru kwenda bara ilitegemea ngurunga, yaani mashimo katika mwamba yaliyohifadhi maji ya mvua. Ngurunga zikikauka, safari ilikuwa ya mateso. Jina la Maji ya Chumvi nalo linajieleza. Maji yanayokaa katika matope yale yaliyogeuka jiwe huokota chumvi iliyomo, na hadi leo visima vya huko vina tatizo hilo.

Kwa nini Embu na Meru hakuna

Chukua kamba ndefu uwanjani mwa shule, na kila mita iwe miaka milioni 10. Leo ni ncha ya kamba iliyo mkononi mwa mwalimu. Binadamu wa aina yetu anaonekana sentimita 3 tu kutoka hapo. Mlima Kenya ulikuwa ukitoa moto kati ya sentimita 26 na 31. Kaboniferi inaanzia karibu na mita ya 36 na kuishia karibu na mita ya 30. Miamba ya msingi ya Mbeere na Tharaka iko mita ya 55 na kuendelea, kwa kuwa ilikandwa na kupikwa ndani kabisa ya ardhi wakati vipande vya Gondwana vilipogongana na kuungana.

Sasa angalia kilichopo chini ya miguu. Anayeshuka na matatu kutoka Embu mjini kwenda Siakago anaanza katika udongo mwekundu wenye kina, wa kahawa na makadamia, uliotokana na kuoza kwa mawe ya volkano. Baada ya mwendo mfupi udongo unakuwa mwepesi, wenye mchanga na rangi iliyopauka, mashamba ni ya ndengu, mtama na muguka, na vilima vya mawe kama Kiang'ombe vinajitokeza. Hapo amevuka kutoka mawe ya sentimita 30 kwenda mawe ya mita 55. Meru ni hivyo hivyo. Nyambene na Timau ni volkano, na ukishuka kuelekea Tharaka unafika kwenye miamba ya msingi. Mahali pengi volkano imelala moja kwa moja juu ya msingi. Vyote vya katikati havipo, ni kama kitabu ambacho baada ya ukurasa wa kwanza unafuata wa mwisho.

Kurasa hizo hazikuibwa na mtu. Mashapo hukusanyika mahali palipodidimia, na mahali palipoinuka humomonyolewa. Kwa muda mrefu sana sehemu hizi za bara zilikuwa ardhi iliyoinuka, zikipoteza udongo badala ya kuupokea. Pwani ndiko kulikodidimia na kupokea.

Wazee wa Kimeru husimulia kwamba watu wao walitoka Mbwaa, kisiwani katika pwani, wakapanda hadi mlimani. Mchanga ulishika njia ile ile kwa kugeuza uelekeo, kutoka bara kwenda baharini, na bado unasafiri.

Kuna sababu nyingine ya kutotarajia visukuku katika mawe mengi ya hapa. Mwamba wa volkano ulitoka ukiwa uji wa moto, na mwamba wa msingi ulipikwa hadi umbo lake la kwanza likafutika. Hata kama kulikuwa na kiumbe ndani, alama yake haikuokoka.

Jaribio la chupa

Wanafunzi wanaweza kuona mwanzo wa mwamba wa mashapo kwa kutumia chupa mbili za plastiki zinazopitisha mwanga. Katika moja weka konzi mbili za udongo mwekundu wa Manyatta, na katika nyingine konzi mbili za udongo wa mto mkavu wa Mbeere. Jaza maji, funga, tikisa kwa nguvu, kisha simamisha bila kugusa. Changarawe hushuka papo hapo. Mchanga hufuata kwa muda mfupi. Matope mekundu hubaki yakielea, na kesho yake maji bado yanaweza kuwa na rangi. Ukidondosha jani dogo kabla ya matope kutua, litazikwa likiwa zima, lakini ukilitikisa pamoja na changarawe litachanika. Hapo mwanafunzi ameona kwa nini Taru ina vipande na Maji ya Chumvi ina samaki mzima.

Chupa kubwa ya somo hili ni Bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981 katika Mto Tana. Maji ya mto yanapoingia bwawani yanapoteza kasi, na mzigo wake unatua. Mchanga hubaki mwanzoni mwa bwawa na matope husogea hadi karibu na ukuta. Yanayovuka huenda Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na yanayobaki hufika Kipini, Tana unapoingia Bahari ya Hindi. Kila gharika katika mashamba yasiyo na matuta hupeleka mzigo huko. Masinga imepokea matope kwa kasi kuliko ilivyokadiriwa wakati wa kujengwa, na nafasi ya maji hupungua kwa kadiri hiyo. Mwanajiolojia hufurahi kuona tabaka likikua, lakini mwenye shamba la mteremko huko Runyenjes ndiye aliyelipoteza, na anayetumia umeme wa Seven Forks ndiye atakayekosa maji yaliyopaswa kuhifadhiwa.

Mtu akija kukuambia kuna makaa ya mawe

Mara kwa mara jiwe jeusi linalong'aa huokotwa shambani na maneno yakaanza. Mwenye ardhi anastahili kujua mambo machache kabla ya kuweka sahihi popote au kutoa pesa za "uchunguzi".

Kwanza, makaa ya mawe ni mabaki ya mimea, kwa hiyo hukaa katika miamba ya mashapo. Hayatoki katika jiwe la volkano wala katika mwamba wa msingi uliopikwa. Jiwe jeusi la Mbeere au Tharaka mara nyingi ni ulanga mweusi, madini ya chuma au jiwe zito la volkano. Makaa ya mawe ni mepesi mkononi ukilinganisha na mawe hayo, huchafua vidole, na huwaka. Jiwe linalochafua vidole lakini halishiki moto laweza kuwa madini ya aina ile inayowekwa ndani ya penseli.

Pili, jirani zetu wa Kitui wana makaa ya mawe katika Bonde la Mui, ng'ambo ya Tana, na watu huuliza kwa nini wao wanayo na sisi hatuna. Mui ni bonde lililojaa mashapo katikati ya vilima vya miamba ya msingi. Kilichohifadhi makaa ni mashapo yale, na vilima vinavyolizunguka havina. Mfano huo unaonyesha pia kwamba bonde dogo la mashapo linaweza kujificha mahali ambapo juu hapaonyeshi dalili, na ndiyo maana jibu la mwisho hutolewa na mtambo wa kuchimba na maabara. Rangi ya jiwe peke yake haitoshi. Taru yenyewe, pamoja na umri wake wa kufaa na undugu wake na miamba ya makaa ya Tanzania, haina mgodi wa makaa hadi leo.

Tatu, Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inasema madini yote ni mali ya Jamhuri, yakishikiliwa na Serikali ya Kitaifa kwa niaba ya wananchi. Anayetafuta madini lazima awe na leseni, na katika ardhi ya mtu binafsi anahitaji idhini ya mwenye ardhi. Uchimbaji ukifanyika, mrabaha hugawanywa asilimia 70 kwa Serikali ya Kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya eneo hilo. Asiyeweza kuonyesha leseni hana haki ya kuchimba hata shimo moja.

Kisima nacho hufuata miamba. Mteremkoni mwa Mlima Kenya maji hukaa kati ya tabaka moja la volkano na jingine, au katika majivu yaliyo baina yake. Mbeere hukaa katika nyufa za mwamba wa msingi, ndiyo maana jirani anaweza kupata maji na wewe, hatua 50 kutoka kwake, ukapata vumbi. Uchunguzi wa mtaalamu kabla ya kuchimba una gharama, lakini ni ndogo kuliko ya shimo kavu.

Kisukuku au kifaa cha kale kikipatikana

Kutokuwa na Kaboniferi si kutokuwa na kitu. Huko Lewa, ndani ya Kaunti ya Meru, kuna mahali penye shoka za mawe zilizochongwa na binadamu wa kale sana. Mifupa ya wanyama wa kale inaweza kuhifadhiwa katika udongo wa mto au chini ya majivu ya volkano, na wanaoweza kuikuta kwanza ni wachota mchanga, wachimba mawe na vijana wa kutengeneza barabara.

Sheria ya Makavazi na Turathi ya Kitaifa ya mwaka 2006 inamtaka aliyegundua kitu cha aina hiyo aijulishe Makavazi ya Kitaifa ya Kenya ndani ya siku 7, akieleza mahali hasa na jinsi alivyokipata. Vitu vya kale vilivyomo ardhini ni mali ya Serikali, na kuviuza bila kibali ni kosa. Mkazi wa Meru anaweza kufika Makavazi ya Meru mjini. Aliye mbali aanze kwa chifu wake.

Kabla ya hapo, simamisha kazi mahali hapo na usikichimbue. Mfupa uliotolewa mahali pake hupoteza sehemu kubwa ya habari zake, kwa kuwa mtaalamu husoma tabaka lililoushika kabla ya kuusoma mfupa wenyewe. Piga picha ukiweka sarafu kando ili ukubwa uonekane. Usioshe wala usipake mafuta. Mvua ikitisha, funika kwa gunia na udongo mkavu.

Kwa mwenye nyumba anayepanga mazeras, fundi aambiwe ayageuze mawe na kuyatazama pande zote mbili kabla ya saruji. Likionekana moja lenye umbo la jani, gogo au samaki, liwekwe kando, na jina la muuzaji na la machimbo liandikwe siku ile ile, maana lori likishaondoka ni vigumu kujua jiwe lilitoka kilima gani.